Chupa Mbili za Unga wa Maziwa

Datsun nyeupe ilikata kona bila breki.

Nyuma yake, mbali kidogo, Landrover 109 ilifuata vumbi lile kwenye barabara ya Matai. Aliyeshika usukani alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, kitenge kiunoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Jina lake Otilia. Kwenye redio ya Idara ya usalama aliitwa Ulezi.

Kikapu chake kilikaa kiti cha pembeni. Ndani mlikuwa na redio ya Motorola, rozari na bastola aina ya Makarov. Bastola hakuipenda. Ilikuwa nzito, na mabega yake yalikuwa yamekwisha kubeba ya kutosha.

Redio ikakoroma kwa sauti ya mkuu wake.

"Ulezi, Ulezi. Unamwona?"

"Naliona vumbi lake, Mzee."

"Usimpoteze. Mtoto hali mbaya."

"Nimesikia."

Hakuhitaji kukumbushwa. Asubuhi ile alikuwa amemwona mwenyewe, kwenye kituo kidogo cha afya Chanji. Kitoto kilichozaliwa kabla ya siku zake, tumbo limevimba, hakilii wala hakinyi. Mama yake, Kristiana, amekaa pembeni anakitazama tu. Dokta Valeria naye amesimama mbele ya friji ya mafuta ya taa, mlango wazi, ndani hamna kitu.

"Chupa zote mbili, dada Otilia. Kachukua dereva wetu, Adolfu."

Ulikuwa unga wa maziwa ya akina mama wa Sumbawanga, yaliyogandishwa na kukaushwa kwa mashine. Ndani ya unga ule walilala bakteria wazuri, wazima, wale wanaotuliza tumbo la mtoto njiti. Mashine ilikuwa imekufa tangu masika na kipuri hakipatikani. Zaidi ya chupa zile mbili hapakuwa na nyingine.

"Wakipata joto?" Otilia aliuliza.

"Wanakufa. Unabaki unga, basi."

Mnunuzi alijulikana. Bwana Kessel, mgeni aliyekuja mipaka ya biashara ilipofunguliwa, akasambaza maziwa yake ya makopo mpaka Chala. Sasa alikuwa bandarini Kasanga, anangoja meli. Akiwapata bakteria wale wazima angewaandikisha kwao kuwa mali ya kampuni yake. Halafu wenye maziwa wangeuziwa dukani kilicho chao wenyewe.

Vumbi likapotea.

Otilia akasimamisha gari, akashuka, magoti yakalalamika. Barabarani palikuwa na matone ya oili. Datsun ilikuwa inavuja. Akayafuata matone mpaka nyumba ya tofali za kuchoma, yakaingia uani, yakatoka tena kuelekea Kasanga.

Mlangoni bibi mmoja alikuwa anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona uso kama umetoka kuzika?"

"Nimechoka tu, mama. Adolfu amepita hapa?"

"Kapita mbio mbio, hata kikombe cha togwa kakataa. Mimi ndiye shangazi yake, Luciana. Kaniachia chupa ya dawa ya mifugo nimfichie."

"Umeiweka wapi?"

"Mahali pa kitu cha maana. Darini, juu ya moto mkali, pamoja na mahindi ya mbegu."

Otilia akafumba macho.

Mwanamke yeyote wa Ufipa angefanya hivyohivyo. Kitu cha thamani hukaa juu ya jiko, moshi ukizuia wadudu dumuzi, joto likizuia unyevu.

Aliingia jikoni, akapanda kigoda, akapapasa kwenye masizi. Chupa ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Nta ya nyuki iliyoziba kifuniko ilikuwa imeyeyuka, imechuruzika mpaka shingoni.

Wamekufa. Wote.

"Mama Luciana, hii si dawa ya mifugo. Ni maziwa ya akina mama waliojifungua, yamekaushwa."

Ungo ukaanguka.

"Maziwa ya mama juu ya moto? Mwanangu, hayo hayakaribii moto hata tone! Matiti ya wenyewe yatakauka! Angesema ni maziwa ningeyaweka chini ya mtungi, kwenye ubaridi." Akaketi chini kwenye ulezi uliomwagika. "Nimewafanya nini watoto wa watu?"

"Hukujua, mama. Mungu ameona kwamba hukujua. Nyingine kapeleka wapi?"

"Kaenda nayo. Kaitia kwenye thermos na maji ya kisima. Anasema mnunuzi akilipa ya kwanza ndipo aijie ya pili." Akafuta pua. "Nitamkomesha, mpumbavu yule."

Otilia akarudi garini. Akaizungushia chupa ya moto kitambaa kibichi ipoe, akaiminya nta kwa dole gumba mpaka ikakaa sawa. Akabonyeza redio.

"Mzee. Moja imekufa. Moja bado nzima, anayo."

"Mkamate kabla hajafika."

"Nikimkamata, Kessel atamtuma mwingine. Mwache Kessel aondoke na iliyokufa. Atapima huko kwao, ataona kazi ya Ufipa ni unga mtupu, hatarudi."



"Na ile nzima?"

"Mwambie Zenon wa forodha aniwekee meza ya kukagua kadi za kipindupindu. Na koti jeupe."

Barabara ya kushuka ziwani ilikuwa mawe matupu. Otilia alipita njia ya mkato ya malori ya samaki, akisali rozari kwa midomo tu, mikono ikipigana na usukani. Joto lilipanda kila kona. Alilichukia joto lile kama adui mwenye jina.

Adolfu alipotokea gatini, meza ilikuwa tayari, Otilia ameketi nyuma yake na koti jeupe.

"Kadi."

"Sina, mama. Nampa mtu mzigo tu, narudi."

"Wote mnasema hivyo. Na hiyo thermos?"

"Chai."

Zenon, mrefu, kofia usoni, akasogea. "Fungua tuione chai."

Chupa ikatoka, inadondosha maji baridi.

"Dawa ya mifugo, afande," Adolfu alisema haraka.

"Lete niinuse," Otilia alisema.

Aliipokea. Akashikwa na kikohozi kibaya, kikohozi cha mtu asiyelala, akainama mpaka paji la uso likagusa meza. Mapajani, chini ya koti, chupa mbili zilipishana; ya darini ndiyo iliyorudi mezani.

"Inanuka kweli. Pita, unachelewesha watu."

Alimtazama akienda. Kwenye ngazi ya meli Bwana Kessel, kofia ya majani kichwani, aliipokea thermos kwa mikono miwili kama anayepokea ekaristi. Otilia aligeuza uso.

Honi ikalia. Meli ikaachana na gati.

Zenon akamshika Adolfu kola.

"Kosa langu nini? Mama, wewe ni nani hasa?"

"Shangazi yako anakuita," Otilia alisema. "Ameshajua ni maziwa. Ana mwiko mkononi."

Adolfu akamgeukia Zenon. "Nipeleke polisi, afande. Polisi tu."

Otilia hakucheka. Alilowesha kitenge chake ziwani, akaifunga chupa ndani, akaining'iniza dirishani upepo uipoze. Kila palipo na kijito alisimama akakilowesha tena. Mgongo ulimuuma kama umepigwa. Alipofika Chanji jua lilikuwa linazama na baridi ya Ufipa imekwisha kushuka.

Dokta Valeria alikwangua nta. Punje chache za unga akazitia kwenye kichupa cha maziwa yaliyotiwa rangi ya zambarau.

"Yakigeuka pinki wapo hai. Nenda kalale, dada."

Hakwenda. Alilala ameketi kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni.

Alfajiri alitikiswa bega. Kichupa kilikuwa pinki kama ua. Valeria alikuwa analia na kucheka pamoja, kijiko mkononi, ameshamlisha mtoto.

Walingoja. Mchana ukapita. Halafu Kristiana akapiga kelele ndani.

Redio ikakoroma kikapuni.

"Ulezi, Ulezi. Mzigo umefika?"

"Umefika."

"Uthibitisho?"

"Mtoto amekunya, Mzee."

"Rudia?"

"Amekunya. Choo laini, cha njano. Na sasa analilia maziwa."

Akazima redio, akavaa kiatu cha pili, akateremka barabara ya Chanji polepole, bila kugeuka.