Nduma za Ngendo na Deni la Mchele

Kila asubuhi Gathogo huchemsha chai ya watu wawili, ndipo akumbuke. Mkewe, Ngendo, amezikwa.

Ngendo alikuwa akiuza nduma, magimbi ya mtoni, sokoni Nyeri, bega kwa bega na Karimi, muuza mchele kutoka Wang'uru. Gathogo alitamani sana kuona mahali pale alipokaa mkewe. Lakini hakuthubutu. Mchele wa matanga ulitoka kwa Karimi, kwa deni. Kwa hivyo alizunguka nyuma ya soko, kofia imeshuka hadi machoni.

"Nikipata pesa zote za Karimi ndio nitaenda," alimwambia jirani yake Gladwell, mweka hazina wa chama cha akiba. "Pesa ya kahawa ije kwanza."

"Na isipokuja?"

"Waulize wakubwa wa ushirika wa kahawa! Wao wameshiba, sisi ati tungojee. Basi nitakopa kwa simu."

"Hapo utakuwa umehamisha deni, hujapunguza. Tena litakuja na riba."

"Kwani kupunguza ni nini? Niende na vijisenti, mama wa watu anicheke?"

"Kupunguza deni ni kulipa kidogo ulicho nacho, mara kwa mara, bila kukopa kwingine. Kwanza muone anayekudai, mpatane. Ukipeleka kitu, andikeni nyote wawili kilichobaki. Deni haliozi, Gathogo. Wewe ndiwe unaoza nalo."

"Siko na kitu."

"Na zile nduma za Ngendo kule mtoni? Unawawekea fuko wazile?"

Nduma zile zilipandwa na mikono ya Ngendo. Hakutaka kuzigusa.

Jumamosi alizing'oa chache. Kila alipong'oa, alirudisha chipukizi udongoni, kama mkewe alivyofanya.

Karimi alipomwona alishika kiuno. "Kumbe uko hai! Nilidhani tuliwazika nyote wawili."

"Mama, siko na zote."

"Nani ameuliza zote? Hata salamu ungeleta! Weka hapo. Nitauza, tutoe kwa deni."

Wakaandika. Kisha Karimi akavuta kigoda kutoka chini ya meza. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kamba ya katani. Gathogo aliijua kamba ile, alimfungia Ngendo yeye mwenyewe.

"Wengi wamekitaka," Karimi alisema. "Nikawaambia kina mwenyewe."

Gathogo akakaa.

Pesa ya kahawa haijafika mpaka leo. Deni la mchele limeisha. Jumamosi bado huja na nduma, sasa anauza yeye. Mteja akiuliza kama zitaiva vizuri, hujibu kama Ngendo:

"Funika sufuria, usiwe na haraka."