Gauni la Mkono Mmoja

Fundi cherehani alimshonea mama yake gauni la buluu. Aliivisha sanamu ya dukani, likakaa barabara. Fundi akaondoka na kifua mbele. Alisahau kwamba sanamu ile haina mikono.

Wiki ikapita, gauni bado liko ukutani. Mama alikuwa amepatwa na kiharusi, na mkono wake wa kushoto hauinuki. Alishinda chumbani na nguo ya kulalia. Kibarazani, alikozoea kupiga soga na mashoga zake, hakanyagi tena.

"Mama, rangi hujaipenda?"

"Nimeipenda, mwanangu. Mtanizika nalo."

Maneno hayo yalimchoma fundi. Jirani yao, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipokuja kumnyoosha mama mkono, fundi akamlalamikia.

"Ulimpima?" jirani akauliza.

"Vipimo vya mama ninavyo kichwani."

"Umepima mwili. Asubuhi yake hujaipima. Akiamka anafanya nini?"

Fundi akamgeukia mama. Wakamuuliza mwenyewe.

"Navaa nimeketi, maana nikisimama nayumba," mama akasema. "Zipu iko mgongoni, siifikii. Namngoja mkeo. Ni mkwe mwema, lakini naona haya kuvalishwa kama mtoto. Na haja ikinibana, nimwite nani?"

Fundi akainamisha kichwa. Haya yote yalikuwa nyumbani mwake, naye hakuwahi kuuliza.

"Umesikia?" jirani akamwambia. "Kila analosimulia linakwambia nguo iweje. Anavaa ameketi, kwa hiyo?"

"Lifunguke mbele lote," fundi akajibu polepole. "Mkono wa kushoto wa gauni uwe mpana, ili mkono mgonjwa uingie kwanza. Badala ya zipu, utepe wa kunata, wa kubandika na kubandua. Na liwe fupi kidogo, alikusanye kwa mkono mmoja."

Akalifumua, akalishona upya. Safari hii hakuivisha sanamu. Alijifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa mshipi, akaketi kitandani kwa mama, akalivaa mwenyewe. Hapo akagundua kwamba mfuko ameuweka kushoto, kusikofikika.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake."

Fundi akauhamishia mfuko kulia.

Asubuhi iliyofuata, mke wa fundi alikwenda kumvalisha mama, akakuta kitanda kitupu. Akatoka mbio. Mama alikuwa kibarazani na gauni lake la buluu, leso mfukoni, kati ya mashoga zake.

"Nani kakuvalisha, mama?"

"Nivalishwe," mama akasema, "mimi mtoto?"