Nusu ya Maneno Yake

Kila siku akitoka shule, Pilipili alibadili sare, akanawa mikono, kisha akaketi kando ya cherehani ya Shangazi kushona vifungo. Shangazi huyo hakuwa wa damu. Alikuwa mlezi aliyefunzwa kuishi na watoto wenye hasira na majonzi mazito. Jina la Pilipili alikuja nalo kutoka moja ya nyumba tatu za walezi zilizoshindwa naye, na alilistahili, maana akikasirika vyombo vilipona kwa bahati tu.

Kila jioni Shangazi aliandika daftarini jinsi siku ilivyokwenda. Mshauri wa watoto alilisoma kila Alhamisi, ili wapange namna ya kumsaidia. Pilipili mwenyewe hakuwahi kuambiwa kuhusu daftari hilo.

Jumanne moja, macho yakiwa kwenye sindano, alisema, "Wakati mwingine natamani mama asije kuniona. Maana akija, lazima aondoke." Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Shangazi alimshika bega, wakaendelea kushona.

Jumamosi ilikuwa zamu ya mama yake kuja. Pilipili alikaa mlangoni tangu asubuhi, nywele zimesukwa, viatu vimeng'arishwa. Saa tano akatokea mshauri peke yake. Alieleza kwa upole kwamba mama ameombwa asubiri kwanza, kwa kuwa Pilipili alisema hamtaki. Pilipili aliuliza nani kasema hivyo. Mshauri, akidhani mtoto anajua, alimwonyesha daftari mezani.

Pilipili aliufungua ukurasa wa Jumanne. Mwandiko ulikuwa wa Shangazi: "Leo amesema hataki mama yake aje." Basi.

Mtu pekee aliyemfungulia kifua alikuwa amemgeuka. Alichukua mkasi, akalichana gauni la mteja kuanzia pindo hadi kiunoni, tena la yule mteja anayetaka kila kitu kiwe tayari jana. Kisha akaingia chumbani kufunga mkoba wake.

Shangazi alimfuata, akaketi sakafuni karibu na mlango.

"Umenichongea," Pilipili alisema. "Afadhali wale wa kwanza. Wao hawakujifanya wananipenda."

Shangazi alijibu, "Gauni ni kosa lako, na tutalitengeneza pamoja. Daftari ni kosa langu. Nilipaswa kukuambia tangu siku ya kwanza kwamba naandika. Na siku ile nilikuwa nimechoka, nikaandika nusu ya maneno yako. Nisamehe, mwanangu."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba Pilipili msamaha. Hakujua aufanyie nini, akabaki ameushika mkoba. Bado alikuwa na uchungu, na alisema hivyo. Shangazi alimjibu kwamba ana haki.

Walirudi kwa mshauri, aliyekuwa bado anasubiri. Pilipili alirudia maneno yake yote. Mshauri naye alikiri kwamba alipaswa kumuuliza mwenyewe, akampigia mama simu palepale. Mchana wote Pilipili na Shangazi walilishona upya gauni uzi kwa uzi, vidole vikawauma.

Jumapili mama alikuja. Walicheka, wakala, na saa kumi akaondoka, kama Pilipili alivyoogopa. Pilipili alilia sana, lakini hakuvunja kitu.

Jioni Shangazi alimsomea alichoandika, akauliza kama ni sawa. Pilipili alisema kuna jambo limesahaulika: kwamba bado hajamwamini Shangazi sawasawa. Shangazi aliliandika lote.

"Ukinikasirikia, niambie kabla mikono haijafanya kazi," alisema. "Mimi nami nimejifunza. Ukweli ukiukata nusu, unamuumiza mtu kama uongo."

"Liandike na hilo," Pilipili alisema, akasogeza kiti karibu ahakikishe.