Kopo la Majivu ya Britta

Kopo lilikuwa limetoweka.

Pam Kowalke ndiye aliyegundua. Aliingia kwenye gari-nyumba la rafiki zake asubuhi, mikononi kabeba maua ya kurusha majini, akainua macho kwenye rafu iliyo juu ya meza, akaona rafu tupu. Kopo la shaba lenye majivu ya Britta Sundvall, aliyefariki kwa kansa ya damu akiwa na miaka kumi na tisa, halikuwapo. Adhuhuri ya siku hiyo majivu yale yalikuwa yamwagwe katika Ziwa Torvik.

Ni Pam pia aliyepiga simu polisi. Wazazi wa marehemu, Arlen na Renae Sundvall, walikuwa nje, wanakunywa kahawa.

Inspekta Lois Bisek wa ofisi ya sherifu alifika akakuta kambi nzima ya mapumziko pale ziwani inanukia nyama ya nguruwe ya kukaanga na bendera za sikukuu ya uhuru ya Julai zinapepea kwenye kila gari. Alikuwa mjane, mwanamke wa maneno machache. Majira mengi ya joto alikuwa ameyamaliza katika kambi kama hii, yeye na mumewe, katika gari-nyumba bovu kuliko yote wilayani.

Alivaa glavu, akakagua mlango. Haukuvunjwa. Pochi na saa vilikuwa mezani, havikuguswa. Mwizi alitaka kitu kimoja tu.

"Nani mwingine ana ufunguo?" alimuuliza Pam.

"Ufunguo wa nini, Inspekta? Hapa hatufungi. Familia zetu zinakuja pamoja kila mwaka tangu watoto hawajazaliwa. Nikianza kufunga milango, Renae atanionaje?"

"Na wazo la ziwa lilikuwa la nani?"

Pam alifuta macho. Alisema lilitoka kwake. Siku ya ibada ya kumuaga, watu wakila viazi na nyama kanisani, alitamka tu kwamba labda Britta angependa kulala ziwani. Renae akajibu kuwa ingekuwa vizuri sana. Arlen akasema haina shida. Basi Pam akaazima mashua, akanunua maua, akajitwika shughuli yote, kwa kuwa alimpenda yule binti kama wake.

Wa pili kuhojiwa alikuwa mumewe Pam, Darrell, jitu la miraba minne ambalo macho yake yalikuwa yanakimbia kimbia.

"Jana jioni majirani walikusikia ukisema hili jambo si sawa," Inspekta alisema.

"Nilisema, ndiyo. Sisi Wakatoliki majivu hatumwagi. Tunazika."

"Kwa hiyo ukalichukua kopo ukalizike."

"Mimi?" Darrell alishusha sauti. "Dada, mimi nilimwambia mke wangu tu. Akaniambia nifunge mdomo, nikafunga. Arlen ni rafiki yangu. Nitamwibia mtoto wake?"

Pam alikuwa anasikiliza kutoka kwenye ngazi ya gari lao. Alimtazama mumewe kwa namna ambayo mke hapaswi kumtazama mume, na Darrell aliona. Urafiki wa miaka yote ile ulikuwa unachanika pale pale, mbele ya sufuria ya mayai.

Renae Sundvall yeye alimkaribisha Inspekta kahawa. Akamkaribisha na keki. Inspekta alipokataa, akamkaribisha tena, maana huku kwetu Minnesota kukataa mara moja hakuhesabiki.

"Mama, majivu ya mwanao yameibiwa. Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu. Na Darrell aachwe, tafadhali. Haina shida."

"Haina shida?"

"Sitaki mtu asumbuke kwa ajili yetu."

Sisi watu wa huku hata tukikatwa mguu tutasema haina shida, hilo Inspekta alilijua. Lakini mikono ya mama huyu haikutetemeka hata kidogo alipokuwa anamimina kahawa, na hilo lilimkera.

Alimkuta Arlen nyuma ya gari, anapanga viti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Kambi yote ilimjua kwa usafi wake. Kamba zake zilikunjwa sawasawa, viatu vyake vilikaa kwenye mkeka. Na pale kwenye nyasi, hatua chache kutoka meza ya chakula, lilikuwa limelala bomba la maji machafu.

Inspekta alisimama. Bomba hilo humwaga taka za choo cha gari. Lina kasha lake ubavuni mwa gari, na halitolewi mpaka siku ya kuondoka, kwenye shimo la kambi. Hata mlevi haliweki karibu na meza ya chakula. Arlen Sundvall je?

"Katika familia hii nani anashughulika na bomba?"

"Mimi. Wengine kasha lile hawaligusi, wanaona kinyaa."

"Mbona bomba liko nje?"

Arlen alinyoosha kiti kimoja zaidi.

"Ulihitaji nafasi ya kuweka nini, bwana Sundvall?"

Alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile alivyovipanga. Aliongea akitazama viatu vyake.

"Nimemchukua mimi. Alfajiri, Renae akiwa bafuni."

"Kwa nini?"

"Hili ziwa linaganda, Inspekta. Kuanzia Novemba ni barafu tupu. Binti yangu alikuwa anachukia baridi. Hospitali alilala na soksi zangu, mbili mbili. Nimwache chini ya barafu?"

"Ungemwambia mkeo."

"Yeye ndiye anayetaka. Kidogo alichobaki nacho ni hii shughuli ya ziwani, nami nimnyime? Nikajua nikikataa atasema sawa, halafu ataumia kimya kimya."

Pam na Darrell walikuwa wamesogea. Renae pia, kikombe mkononi. Darrell aliinamisha kichwa. Pam alimshika mumewe mkono, akaomba radhi kwa sauti ndogo.

Inspekta alifungua kasha. Kopo lilikuwa ndani, limeviringishwa kwenye koti zito la Arlen. Kwa mujibu wa kazi ilimpasa kuthibitisha kilichomo. Alifungua kifuniko, akainama.

Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Majivu ya mumewe aliwahi kuyashika kwa mikono yake mwenyewe. Yalikuwa meupe, mazito, kama changarawe laini. Haya yalikuwa mepesi, ya kijivu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mkaa na msumari mdogo ulioungua.

"Haya ni ya kuni," alisema.

Arlen alisimama kwa kishindo. "Britta yuko wapi?"

Renae aliweka kikombe chini kwenye nyasi.

"Yuko nyumbani. Chumbani kwake, kabatini, kwenye masweta yake. Nilimtoa kwenye kopo kabla hatujaondoka, nikamrudisha hapo hapo alipokaa tangu mwanzo. Kwenye kopo nimeweka majivu ya jiko letu la sebuleni."

"Ulisema ingekuwa vizuri sana."

"Pam alikuwa analia. Halafu wewe ukasema haina shida, nikadhani unataka. Mwaka mzima hujalitaja jina lake, Arlen. Nikasema labda akiondoka mle nyumbani utapumua."

"Nilikuwa naogopa nikilitaja utalia."

"Nilikuwa nalia hivyo hivyo."

Inspekta Bisek alivua glavu zake. Hapakuwa na mtu wa kumfunga pingu.

"Sikuweza kumwacha aende," Renae alisema. "Kila asubuhi kabla ya kazi naingia chumbani kwake, nafungua kabati, naongea naye kidogo."

Arlen alimsogelea.

"Unamwambia nini?"

"Namwambia baba yake anamsalimia."