Sauti ya Mlangoni kwa Shangazi

Kimya alitoka kazini saa kumi na mbili kasoro, mikono bado ina mvuke na sabuni, akaenda kununua kamera. Hakuwa na hamu nayo. Lakini siku hizo hakuwa na hamu na kitu chochote, kwa hiyo hilo halikumzuia.

Kimya halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, ambako kwa miaka tisa alikuwa akiingiza mashuka kwenye mashine ya pasi upande mmoja, mwenzake akiyapokea upande wa pili. Wenzake walipiga soga, walitaniana, walicheka mpaka msimamizi akagonga meza. Yeye alinyoosha shuka. Ungeweza kufanya naye kazi wiki nzima usijue kama ana meno.

Kamera ilikuwa ya shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu ana miaka sita. Sasa shangazi alikuwa na miaka themanini na magoti yaliyogoma. Mwezi uliopita aliteleza jikoni akalala sakafuni toka asubuhi, hadi jirani yake, fundi cherehani, alipokuja alasiri kuazima mkasi. Tangu siku hiyo ukoo mzima ulikuwa na wasiwasi, na ukoo mzima ulikuwa mbali. Kaka yake Kimya alituma ujumbe wa sauti: "Mtafutie kamera nzuri, ila isiwe ya bei mbaya. Wewe ndiye jirani naye." Ujirani wenyewe ulikuwa mabasi mawili na mwendo wa robo saa kwa miguu, na Kimya alikuwa hajaufanya mwendo huo tangu siku alipomtoa shangazi hospitali.

Muuza kamera alikuwa mzee mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, na mdomo usiojua likizo.

"Ya duka au ya nyumba?"

"Ya nyumba. Bibi mzee, anakaa peke yake."

"Basi usijitwishe makubwa." Akasukuma pembeni boksi lenye kamera nne. "Hizi zinataka fundi, zinataka waya nyumba nzima, zinataka na mashine ya kurekodia. Huyo bibi halindi benki. Chukua hizi ndogo. Zinaona gizani, zina betri umeme ukikatika, zinarekodi kwenye kadi yake, hakuna kulipia kila mwezi. Mbili tu. Moja sebuleni, moja mlangoni."

Ya sebuleni ilikuwa inageuza shingo. Mtu akipita, inamfuata. Zote mbili zilikuwa na kipaza sauti, lakini ya mlangoni muuzaji aliisifia kama mtoto wake aliyefaulu mtihani. Unarekodi sauti yako mara moja, mtu akifika mlangoni inamwitikia yenyewe. Kimya akafikiria magoti ya shangazi, jinsi anavyojikokota kwa kushika ukuta kila mtu anapopiga hodi. Siku moja angeanguka tena. Ilikuwa busara kabisa.

Akasogeza mdomo. "Karibu, pita ndani, mlango uko wazi."

"Tia uhai kidogo, dada. Utadhani unamwita mgonjwa akachomwe sindano."

Akarudia. Ikatoka vilevile.

Jumapili alikwenda kuzifunga. Shangazi alikaa kwenye kiti chake kilichochakaa mikono, akimtazama mpwa wake juu ya ngazi na drili.

"Hiyo itakuwa inaitika?"

"Ndiyo, Shangazi. Usiwe unainuka."

"Mchana sawa. Jioni izime." Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Katika nyumba hii hodi ya magharibi haiitikiwi mpaka mtu aseme ni nani. Mama yangu hakuitikia. Mimi siitikii. Yupo anayepita saa hizo, anabisha mara moja tu, kisha anakwenda zake. Hawezi kuingia bila kukaribishwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Alikuwa amesikia drili. Alibana skrubu ya mwisho, akajaribu simu, akaona picha ni safi, akaosha vikombe, akaondoka kuwahi basi. Jioni hiyo hakuzima chochote.

Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa aproni, Kimya akachungulia. Fundi cherehani akileta maji. Muuguzi wa kupima presha. Paka. Mchana alibonyeza kitufe cha kuzungumza, akauliza kutoka huku kwenye mashine: "Shangazi, umekunywa dawa? Umekula?" Shangazi akainua uso kuelekea kamera, akajibu ndiyo, akaendelea kutazama kamera kwa muda hata baada ya Kimya kukata. Kaka akatuma dole gumba. Familia ikapumua.

Siku ya nne, jua linazama, Kimya alikuwa chumbani kwake anamenya viazi. Simu ikatetemeka.

Mwendo mlangoni.

Akafungua. Baraza tupu. Ndoo, kandambili, mlango. Hakuna mtu.

Kisha akasikia kitu kikigonga mbao. Mara moja.

Na sauti yake mwenyewe, bila uhai, ikasema: "Karibu, pita ndani, mlango uko wazi."

Akasogeza simu karibu na uso.

Mlango ukasukumwa ndani. Polepole. Ukasimama kadiri ya upana wa mtu. Halafu ukarudishwa taratibu, kwa adabu, kama afanyavyo mgeni aliyelelewa vizuri.

Kimya akahamia kamera ya sebuleni. Ilikuwa inageuza shingo. Hakuna kitu mbele yake, sakafu na mkeka tu, lakini iligeuka kidogo kidogo toka mlangoni, ikapita meza, ikafika kwenye kiti cha wageni kinachotazamana na cha shangazi. Ikasimama hapo.

Shangazi alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa anakitazama kile kiti.

Kimya alijua kwamba mtu mwingine angepiga kelele. Alisubiri kelele ije. Haikuja. Akampigia fundi cherehani, ambaye alikwenda, akarudi na kusema bibi yuko salama salimini, ila ananong'ona peke yake, uzee huo. Na mle ndani mna baridi, alisema, afunge madirisha. Kimya akashukuru. Akamaliza viazi.

Toka siku hiyo kamera ya sebuleni haikutoka kwenye kile kiti. Kimya aliigeuza kwa kidole kwenye simu ili amwone shangazi, ikakaa kidogo, ikarudi. Aliona vipande tu. Mkono wa shangazi uliokonda. Sahani iliyojaa. Aliuliza kupitia kipaza, umekula? Shangazi hakutazama tena kamera. Alitabasamu kuelekea kwenye kiti na kujibu: "Nimekula, mwanangu," na chakula kilikuwa palepale.

Siku ya tisa fundi cherehani alipiga. Hakuwa na utani.

"Dada, njoo. Bibi hajatia kitu tumboni siku ya tatu leo. Anasema ameshiba maneno. Tutampoteza huyu."

Kimya akamuaga msimamizi, akapanda basi la kwanza, akapanda la pili. Aliketi dirishani na kujiambia, shangazi yangu anakufa. Aliyasema maneno hayo kama anavyohesabu mashuka. Kifuani hapakusogea kitu, na jambo hilo ndilo lililomwogopesha, kwa mbali, kama kelele za nyumba ya pili.

Alipofungua mlango alipokewa na harufu.

Aliijua. Kule hospitali mashuka ya waliofariki hushushwa kwenye mfuko wake, yamefungwa peke yake, na ukiyafungua hayanuki uozo wala dawa. Yananuka nguo baridi iliyokunjwa ikiwa mbichi. Harufu hiyo ilikuwa imejaa sebuleni, na ilikuwa nzito zaidi upande wa kiti cha wageni. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati.

Shangazi alikuwa amekwisha kama kijiti. Macho tu ndiyo yalikuwa yake.

"Nani anakaa hapo, Shangazi?"

"Yule uliyemkaribisha wewe."

"Nilikuwa..." Kimya akautazama mto. "Sikujua."

"Nilikwambia." Alisema bila hasira. "Mwanzo alikuwa na maneno yale yale uliyompa. Karibu, pita ndani. Akawa anayasema tu, mpaka nikamzoea. Halafu akashika na mengine, yale ya kwenye kipaza. Umekula, umekunywa dawa. Kwa sauti yako hiyo hiyo. Sasa anazungumza vizuri, mwanangu. Anakaa. Nikimsimulia, anasikiliza mpaka mwisho." Akakitazama kiti cha wageni. "Wewe ulikuwa hukai."

Hilo lilimfikia Kimya. Lilimchoma mahali fulani, akajua ni pachungu, lakini machungu yenyewe hayakupanda juu.

Akapanda kwenye kiti cha jikoni, akang'oa kamera ya sebuleni. Akang'oa na ya mlangoni. Zote mbili akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nje jua lilikuwa limeanza kushuka.

"Anatokaje?"

"Aliyemwita ndiye amtoe."

Kimya akasimama mbele ya kiti cha wageni. Baridi ilimgusa magotini.

"Toka," akasema.

Kitu hakikusogea.

"Mimi ndiye niliyekukaribisha. Nimekosea. Toka."

Kiti kikatoa mlio, kama kitoavyo mtu anapoinuka. Mto ukafumuka taratibu. Ubaridi ukampita begani, ukasimama ubavuni mwake kwa muda, karibu na uso, kama mtu anayekutazama vizuri kabla ya safari... halafu mlango ukafunguka, ukarudishwa. Kwa adabu ile ile.

Kimya akasukuma komeo. Akavuta kile kiti, akakaa, akashika mkono wa shangazi. Harufu ilikuwa imepungua. Shangazi alifumba macho, akapumua, na midomo yake ikaanza kurudiwa na rangi.

"Nina njaa," akasema shangazi, kama mtu aliyeshtuka usingizini.

"Nitakupikia uji."

"Kaa kwanza."

Akakaa. Walikaa hivyo mpaka dirisha likawa jekundu, kisha kijivu. Kimya alidhani labda hivi ndivyo furaha inavyokuwa, mtu akiitazama kwa nje.

Kitu kikagonga mlango.

Mara moja.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Kimya.

Shangazi hakuitika. Vidole vyake vikakaza mkononi mwa mpwa wake. Kimya akaanza kuamini kwamba kimekwenda zake, kama kilivyokwenda miaka yote.

"Hodi, Shangazi," ikasema sauti. "Ni mimi. Ni mwanao."

Kimeshataja ni nani.

"Usiitike," Kimya akanong'ona. "Mimi niko hapa. Umenishika mkono."

"Nimekukumbuka," ikasema sauti ya mlangoni. Haikuwa bapa tena. Ilikuwa inatetemeka, imejaa pumzi, imejaa kila kitu. "Nisamehe nilikuwa siji. Nilikuwa naogopa kukuona unazeeka, Shangazi. Naogopa utaniacha. Nilikuona kwenye ile simu, nikaogopa zaidi..." Ikakatika. Ilikuwa inalia.

Kila neno lilikuwa kweli. Kimya hakuwahi kumwambia mtu hata moja. Hakuwahi kujiambia mwenyewe.

Shangazi alitazama mlango. Akamgeukia Kimya, akamchunguza kwenye mwanga uliobaki, paji, macho, mdomo, kama mtu anayesoma barua ya mwandiko asioujua.

"Huyo analia," akasema.

"Huyo si mimi, Shangazi."

"Wewe hukulia hata tulipomzika mama yako. Ulikuwa na miaka sita. Nilingoja. Nimengoja maisha yangu yote."

Kimya akalitafuta chozi. Alilitafuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayepekua nyumba inayoungua. Alimpenda mwanamke huyu kuliko mtu yeyote duniani. Aliujua upendo huo, aliuona kabisa, umekaa palepale, na hakuweza kuufikia. Akafungua mdomo aliseme neno moja tu la upendo huo.

"Umekunywa dawa?" akasema.

Sauti bapa. Bila uhai.

Uso wa shangazi ukabadilika. Pole pole, bila kumkwaza, kama unavyofanya kwa mgeni usiyetaka kumwudhi, akautoa mkono wake mkononi mwa Kimya na kuuweka mapajani.

"Karibu, mwanangu," akasema kuelekea mlangoni, na machozi yakamtiririka. "Pita ndani. Njoo uniondolee huyu."

Kilio nje kikakoma papo hapo.

Kimya alitaka kuinuka. Alikuwa bado anataka, alipoona komeo alilolifunga kwa mkono wake likianza kusogea.