Mistari Miwili Kiganjani

Jua lilikuwa linazama Yustina alipoteremka kwenye bodaboda pale Nangurukuru, jiwe amelifunga kwenye pindo la khanga. Hakuja kutembea. Alikuja kuuliza alichookota ni kitu gani, maana kesho asubuhi, kule Mitole, angenyolewa.

Na kunyolewa huku si kwa saluni, wenye kwao kusini wanajua. Anakuja mganga na wembe, unakalishwa kwenye mkeka mbele ya watu, unanyolewa kichwa kizima, unapakwa dawa, kisha wanatangaza kwamba uchawi umetoka. Umetoka wapi? Ukishanyolewa wewe ni mchawi mpaka unaingia kaburini. Mihogo yako hainunuliwi. Mtoto wa jirani akikatiza uani kwako anaitwa arudi haraka. Yustina alikuwa mjane, mzaliwa wa Newala, mwaka wa ishirini na mbili sasa yuko Mitole, na alikuwa ameapa kwamba kichwa chake hakiguswi.

Chanzo cha yote ni mbuzi. Mbuzi alipotelea mlimani, Yustina akamfuata mpaka ndani ya pango, na pembeni ya maji ya pangoni akaliona jiwe. Lilikuwa jeupe la kupenya macho, limekatika pembe pembe kama kipande cha sabuni ya mche. Sasa, wenyeji wakiingia pango lile hutangulia kumwaga unga wa mtama mlangoni na kubisha hodi kwa wenyewe, mizimu ya pango. Yustina alipoulizwa kama aliumwaga, alijibu kwamba alikwenda kutafuta mbuzi, hakwenda kusonga ugali.

Jirani yake Tawakali akaliomba alitazame. Akaliweka juu ya mkono wa mwanawe wa miezi mitano. Vidole vitano vikawa kumi. Jioni ile ile mtoto akashikwa na homa, na kesi ikawa imekwisha kabla haijaanza.

Ndiyo maana alikuwa hapa, kibandani kwa Eusebio. Huyu Eusebio zamani alifanya kazi kwenye machimbo ya kokoto, akafuatana na wapimaji wa miamba mpaka akajifunza mambo yao. Siku hizi anachaji simu za watu, ila ukimletea jiwe macho yanamng'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nitazamie hiki."

Eusebio akalikwaruza kwa msumari. Mstari ukabaki. "Almasi siyo, pole." Akasaga chembe yake kidogo, akaikamulia ndimu. Unga ule ukatoa povu... shiii... taratibu. Mwisho akalilaza juu ya gazeti la zamani. Kila mstari wa maandishi ukawa miwili.

"Kalsaiti," akasema. "Ni ndugu yake chokaa. Kila unachokiweka chini yake linakionyesha mara mbili. Gazeti, kucha, Biblia, Msahafu. Halichagui."

"Hata kidole cha mtoto?"

"Hata cha shehe."

Yustina akaliweka kwenye kiganja chake mwenyewe. Mistari ya kiganja ikajigawa, kila mmoja na pacha wake. Akacheka. Wiki nzima alikuwa hajacheka.

"Naomba na mimi."

Harufu ilitangulia. Mavi ya popo, mabichi, na unyevu wa mahali pasipoona jua... Mtu alikuwa amekaa kwenye benchi, na hakuna kati yao aliyemsikia akikaa. Kanzu safi. Begi dogo la ngozi miguuni. Alikuwa amenyoosha kiganja. Yustina, kwa adabu tu, akamwekea jiwe.

Mstari mmoja.

Eusebio akainama. Akalizungusha jiwe. Akalizungusha tena...

Mmoja.

"Jiwe zuri," yule mtu akasema polepole. "Lina kwao." Akarudisha jiwe, akabeba begi lake, akaondoka kwa kufuata barabara ya kwenda Mitole.

Eusebio alikuwa anajisugua mikono kwa ganda la ndimu. "Mama," akanong'ona, "jiwe hili halichagui."

"Umeshasema."

"Ndiyo. Nakwambia tena."

Asubuhi mkeka ulitandikwa uani kwa Kibwana, mwenyekiti wa kitongoji. Watu walijaa kama wamealikwa harusi. Yustina akaiona ile kanzu, akaliona lile begi, ikamjia ile harufu: mganga ndiye yule yule wa kibandani. Aliogopa. Tusimsingizie ujasiri. Lakini aliona pia ni nani aliyekuwa ananyoosha pembe za mkeka ule. Alikuwa Tawakali, aliyezoea kuja kwake kuazima chumvi. Hasira ikaipita hofu.

"Kaa, mama, tumalize kwa amani," Kibwana akasema.

"Nitakaa. Kwanza nileteeni viganja."

Watu wakaguna. Yustina hakuwasubiri. Akamshika Kibwana mkono, akamwekea jiwe. Mistari miwili. Akamgeukia mkewe. Miwili. Akazunguka uani kote, mmoja mmoja, mpaka kwa Tawakali aliyempakata mwanawe, ambaye homa ilikwisha kumtoka tangu juzi. Miwili.

"Haya," Yustina akasema. "Basi sote wachawi. Nunueni wembe wa jumla."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Wakaanza kupokezana jiwe, kila mtu na kiganja chake. Kwa dakika ile Yustina alidhani ameshinda.

Kisha akasikia baridi kisogoni.

Chwip.

Akageuka. Mganga alikuwa amesimama nyuma yake, wembe mkono mmoja, shungi la nywele mkono wa pili. Hakuwa na haraka. Akalitia shungi ndani ya begi, akalifunga.

Yustina alilinyakua jiwe mkononi mwa mke wa Kibwana, akamdaka mganga kifundo cha mkono. Ngozi ilikuwa ya baridi, inatoa maji kama ukuta wa pango. Akamgandamiza jiwe kiganjani.

"Tazameni," akasema. "Si mnapenda kutazama?"

Kibwana akatazama. Tawakali akatazama.

Mstari mmoja.

Kibwana akamwinamia Tawakali. "Huyu ulimtoa wapi?"

"Mimi? Si wewe uliyemwita?"

"Niliambiwa umemwita wewe."

Wakawageukia wengine. Kila mtu akamtazama wa pembeni yake... na hakuna aliyemwita.

Mganga alitoa mkono wake taratibu. Akachukua begi, akaondoka. Hakufuata barabara. Alishika njia ya mlimani.

Alasiri Tawakali alikuja na bakuli la kunde, macho chini. "Dada Yustina, nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila mkeka ulioutandika sitausahau, na wewe usiusahau."

Alipobaki peke yake, Yustina alikaa kibarazani na jiwe lake. Aliliweka juu ya pindo la khanga. Maua yakawa mawili mawili. Akaliweka juu ya jani la mkorosho. Mishipa miwili miwili. Kisha, kwa mazoea tu, akaliweka kiganjani.

Akalizungusha.

Akalizungusha tena...

Mmoja.

Pacha alikuwa ameondoka na lile shungi, ndani ya begi la mganga. Alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye jiko. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke yote. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akachukua panga na tochi, jiwe akalitia kifuani. Adhana ya magharibi ilimkuta anapita mbele ya nyumba ya Tawakali.

"Unakwenda wapi na giza hili?"

"Kufuata nywele zangu."

Tawakali alielewa. Akaingia ndani mbio, akatoka na kibuyu cha unga wa mtama. "Chukua basi, dada. Umwage mlangoni. Ubishe hodi."

Yustina alikitazama kibuyu, asikipokee.

"Cha kwangu kilichukuliwa bila hodi," akasema. "Na mimi sibishi."

Harufu ya popo ilimpokea kwenye mkorosho wa mwisho, kabla hata njia haijaanza kupanda. Hakupunguza mwendo.