Sanamu Iliyokataa Kuyeyuka

Ilianza na harufu ya nywele zinazoungua, ilhali jiko la karakana lilikuwa baridi.

Walimwita Mama Nta kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa akimpaka mtu plasta mwili mzima, ikikauka anaibandua, na ndani ya kalibu ile anamimina nta. Sanamu huwekwa chini ya taa kali ukumbini, watu waitazame ikiyeyuka. "Mwili ni wa kuazima," alipenda kusema.

Safari hii aliutumia mwili wake mwenyewe. Kumbe siku ile binti yake akashikwa na homa. Akaifunga kalibu ikiwa tupu, akakimbilia nyumbani. Mwalimu wake alikwisha mwonya: kalibu usiifunge tupu, nyumba isiyo na mwenyewe hupata mpangaji. Yeye alicheka; aliporudi karakana akaikuta harufu ile ya nywele, akamimina nta vilevile. Wahenga hawakukosea, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Siku ya maonyesho taa ziliwashwa mchana, ukumbi umejaa. Sanamu haikulegea hata ukucha. Aliyelegea ni yeye.

"Dada, vidole vyako!" mdogo wake alinong'ona. Viwili vilikuwa vimeshikana.

"Zima taa, mdogo wangu."

"Nimezima zote."

"Basi ivunje!"

"Nimeigusa, dada. Ina joto. Inapumua." Alirudi nyuma kuelekea mlangoni. "Namfuata mwalimu. Usiondoke hapa."

Angeondokaje? Nyayo zilikwisha gandamana na sakafu, magoti yakawa yanazama polepole, na watu wakamzunguka wakipiga makofi, wakidhani ndiyo sanaa yenyewe, naye akitaka kupiga kelele kwamba anakufa, jamani, anakufa, lakini midomo ilikwisha ungana, na kwa jicho lililobaki akamwona binti yake akiingia mbio, akampita bila kumtazama, akaenda kuukumbatia mguu wa sanamu.

"Mama, twende nyumbani."

Sanamu ikainama, ikambeba.

Mdogo mtu aliporudi na mwalimu, ukumbi ulikuwa mtupu. Mlinzi alikuwa amepiga magoti, anakwangua nta sakafuni kwa kisu.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Si ametoka sasa hivi na mtoto?" Mlinzi aliendelea kukwangua. "Hamkupishana naye mlangoni? Nimemuaga, hata hakuitikia."